Jiko la mkaa ndani ya lori: hatari usiyoinusa

Mvua ikiharibu barabara ya Morogoro kwenda Kisaki, dereva wa lori na utingo wake hupikia njiani. Ugali na dagaa si kazi. Shida ni jiko.

Usiku mbu wakizidi, wengine huingiza jiko la mkaa kwenye kabini na kufunga vioo. Hapo ndipo watu hulala wasiamke. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoizuia damu kubeba oksijeni. Mkaa uliokolea hautoi moshi, ndiyo maana wengi hudhani ni salama. Kufungua kioo kidogo hakutoshi.

Na gesi? Usiiwashe gari likitembea: breki moja tu, sufuria iko mapajani. Pikia nje, mbali na tangi la mafuta. Ukisikia kichwa kinauma au kizunguzungu ndani ya kabini, toka haraka.