Puma ya Ikungi na puma wa Andes: kwa nini majina mafupi hugongana

Kutoka Ilongero ukitaka kwenda Puma, kwanza unafika Singida mjini, halafu unaelekea kusini hadi wilaya ya Ikungi. Puma ni kata kama kata nyingine za Singida: watu wapo, mashamba ya alizeti yapo, na kila mtu mkoani anajua iko upande gani. Sasa jaribu kuitafuta kwenye intaneti kwa kuandika "Puma" tu. Utaletewa raba. Ukishuka chini utaletewa paka mkubwa wa Amerika, helikopta ya Kifaransa, timu za raga, vituo vya mafuta. Kata yenyewe utaifikia ukiwa na subira.

Mtu akiona hivyo, swali linalomjia haraka ni: nani alimwiga nani? Lakini kuna swali linalotangulia hilo, na ndilo nataka tukae nalo: je, kuna jina lililosafiri kweli, au tumekutana njiani tu?

Tuanze na upande ambao safari inajulikana. Neno "puma" la yule mnyama ni la Kikechua, lugha ya milima ya Andes, ambayo ndiyo iliyokuwa lugha ya dola ya Inka. Wahispania walipofika huko karne ya 16 walilichukua kama lilivyo, na kutoka Kihispania likaingia lugha nyingine za Ulaya. Mwaka 1771 Linnaeus alimpa mnyama huyu jina la kisayansi Felis concolor; baadaye wataalamu walimtoa kwenye jenasi ya Felis, na leo anaitwa Puma concolor. Yaani neno la wakulima na wafugaji wa Andes limekaa kwenye Kilatini cha kisayansi. Si jambo dogo.

Kutoka kwa mnyama tunafika kwenye viatu. Ndugu wawili wa mji wa Herzogenaurach, Ujerumani, walikuwa na kiwanda kimoja cha viatu, wakagombana, wakaachana. Adolf, aliyezoeleka kama Adi, alichukua Adi na mwanzo wa Dassler, ikawa adidas. Rudolf alifanya vilevile mwaka 1948: Ru na Da, ikawa Ruda. Halikupendeza sana, akaligeuza kuwa Puma. Angalia irabu: u-a, u-a. Jina la mtu limejificha ndani ya jina la mnyama, na asiyejua habari hii hawezi kulibaini kwa kuliangalia tu.

Sheli ya Puma ni kampuni nyingine kabisa. Puma Energy ilianzia Amerika ya Kati miaka ya 1990, na ilipochukua biashara ya BP hapa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2010, serikali ya Tanzania ilibaki na nusu ya hisa. Pengine unajiuliza inakuwaje mwenye raba hamzuii mwenye petroli. Alama za biashara husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa, 45 kwa jumla: viatu viko daraja la 25, mafuta daraja la 4. Kwa kawaida, mradi mteja hachanganyikiwi, jina moja linaweza kukaa na wenyewe wawili.

Na usidhani kila aliyebeba jina alilichagua kwa makini. Timu ya taifa ya raga ya Argentina inaitwa Los Pumas, lakini mnyama aliyekuwa kwenye nembo yao walipopewa jina hilo alikuwa jagwa. Mwaka 1965, walipokuwa ziarani kusini mwa Afrika, mwandishi mmoja wa habari alimwona mnyama wa kwenye jezi akadhani ni puma, akaandika hivyo. Jina likaganda mpaka leo.

Hao wote, pamoja na helikopta, unaweza kuwafunga kwenye kamba moja na kuifuata hadi Andes. Maandishi yapo, tarehe zipo. Sasa hebu nenda mashariki mwa Nepal, wilaya ya Khotang. Huko kuna watu wanaitwa Wapuma, na lugha yao inaitwa Kipuma, ya ukoo mmoja na Kitibeti na Kichina. Hakuna puma milimani kwao, na hakuna Mkechua aliyewapelekea neno. Na sisi wenyewe tuna kitenzi cha Kiswahili: mshipa unapuma, jipu linapuma, yaani linadunda. Kamba ya Andes haifiki huko. Wala haifiki Ikungi.

Basi imekuwaje? Tupige hesabu ya darasani. Chukua lugha yenye konsonanti 20 na irabu 5. Silabi za aina ya konsonanti na irabu, kama pu au ma, zinakuwa 100. Maneno yanayowezekana ya silabi mbili ni 100 mara 100, yaani 10,000. Sasa tuseme lugha hiyo inatumia 2,000 kati ya hayo. Nafasi ya umbo moja mahususi, tuseme "puma", kuwa limetumika ni moja kati ya tano. Ukiwa na lugha tano za namna hiyo, zisizohusiana hata kidogo, nafasi ya angalau moja kuwa na "puma" ni kama asilimia 67. Ukiwa na lugha ishirini, ni karibu asilimia 99. Na duniani kuna lugha kama 7,000! Namba 20 na 2,000 nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi, lakini ukizibadilisha kidogo jibu halibadiliki sana.

Kuna jambo jingine linaloongeza migongano. Lugha haziokoti sauti kwa bahati nasibu. Sauti m inapatikana katika lugha kama 96 kati ya kila 100 zilizochunguzwa. Sauti p, u na a, kila moja iko kwenye lugha zaidi ya 85 kati ya 100. Ni sauti rahisi: mtoto anayeanza kusema hufunga midomo na kuifungua, tayari ana ma na pa. Kwa hiyo jina "Puma" limejengwa kwa matofali ambayo karibu kila fundi duniani anayo stoo.

Linganisha na Unyamikumbi, kata ya manispaa ya Singida. U-nya-mi-ku-mbi, silabi tano. Kwa hesabu yetu ileile ya silabi 100, maumbo ya silabi tano ni bilioni kumi. Hilo halitagongana na mtu. Ilongero nayo, i-lo-nge-ro, ukiiandika kwenye intaneti unaletewa Ilongero. Urefu wa jina ni kinga.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ndipo penye uzito. Kwenye makundi ya WhatsApp, na hata kwenye vitabu vingine, utakuta asili ya kabila imejengwa juu ya neno moja fupi: jina letu linafanana na neno la Kiebrania, kwa hiyo tulitoka kule, mto wetu unaitwa kama mji wa Misri, kwa hiyo mababu walipita huko. Chukua "mara". Ni mkoa na mto kwetu, ni neno la Kiswahili la kuhesabia, ni "chungu" kwa Kiebrania, ni mshawishi aliyemjaribu Buddha, ni watu wa kaskazini mashariki mwa India, na ni mnyama wa Argentina anayefanana na sungura mwenye miguu mirefu. Ukikubali kuwa kufanana ni undugu, itabidi uwakubali wote hao siku moja. Anayechagua Kiebrania peke yake anachagua anachokitaka.

Wanaisimu wana kipimo kingine, na mara ya kwanza kinashangaza: kwao kufanana kabisa si ushahidi mkubwa. Ushahidi mkubwa ni tofauti inayojirudia. Angalia Kiswahili na Kiganda. Sisi tunasema -pa, wao -wa, kwa maana ileile ya kumpa mtu kitu. Sisi upepo, wao empewo. Sisi pumzika, wao wummula. Umeona? Mahali pa p yetu wao wana w, tena na tena, kwenye maneno ya nyumbani ambayo hakuna mtu anayeazima. Nenda kusini: Kizulu kina -pha kwa "kupa" na phumula kwa "kupumzika". Pumzika na wummula, ukiyasikia tu, hayafanani sana. Lakini ni ndugu wa damu, kwa sababu tofauti yao ina kanuni. Puma wa Andes na puma ya mshipa yanafanana herufi kwa herufi, na hayana kanuni yoyote nyuma yake.

Hata ndani ya ukoo unaweza kudanganyika. Kizulu kina kitenzi phuma, lakini maana yake ni kutoka. Ndicho kilichomo ndani ya Mpumalanga, jimbo la Afrika Kusini lililoitwa Eastern Transvaal hadi 1995: mahali jua (ilanga) linapotokea. Na timu ya raga ya jimbo hilo inaitwa nini? Pumas. Ukimwona yule paka kwenye nembo unaweza kuapa kwamba jimbo limeitwa kwa jina lake, kumbe jimbo limeitwa kwa macheo.

Mfano mwingine wa karibu zaidi, kwa sababu najua kuna mtu atautumia. Mji wa Belgrade, Serbia, zamani za Warumi uliitwa Singidunum, na leo kuna chuo kikuu huko chenye jina hilo. Singida, Singidunum: herufi sita za mwanzo zote ni zilezile! Lakini likate jina hilo mahali linapokatika. Dunum ni neno la Wakelti, maana yake ngome, na liko kwenye miji kibao ya Ulaya ya kale. Kwa hiyo ni Singi na dunum. Ile d ni ya ngome. Ukiiondoa, kilichobaki kufanana na Singida ni kipande tu.

Kwa Puma ya Ikungi kazi ni ngumu zaidi, na inavutia zaidi. Singida na mikoa jirani ni sehemu adimu duniani. Kinyaturu, Kinyiramba na Kinyisanzu ni Kibantu. Kidatooga cha Wabarabaig ni cha Kinilo. Kiiraqw ni cha Kikushi. Wahadzabe wa upande wa ziwa Eyasi na Wasandawe wana lugha zenye vidoko ambazo haziingii kwenye koo hizo zote. Watu hawa wamechungiana ng'ombe, wamepigana na wameoana kwa vizazi. Jina la mahali katika eneo hili linaweza kuwa la wenyeji wa leo, au la waliokuwepo kabla yao. Kulifungua kwa kamusi ya Kiswahili ni kubahatisha.

Halafu kuna maandishi. Kinyaturu, au Kirimi, kina irabu saba, na kina toni: sauti kupanda au kushuka kunaweza kubadilisha maana. Kiswahili kina irabu tano na hakina toni. Kwa hiyo karani alipoandika majina ya vijiji kwa herufi za Kiswahili, alizibana irabu saba kwenye matano na kuacha toni nje. Majina mawili tofauti kabisa kinywani mwa bibi yanaweza kuwa jina moja kwenye ramani. Migongano mingine hatukuikuta, tumeitengeneza kwa kalamu.

Unaweza kusema haya ni mambo ya wataalamu. Fikiria basi programu inayosoma taarifa mtandaoni ili kutambua mapema ugonjwa au upungufu wa chakula. Mtu ameandika: "Puma hali mbaya, wiki ya tatu hakuna maji." Programu iliyofundishwa kwa maandishi mengi ya dunia inajua Puma ni kiatu, na itaipeleka sentensi hiyo kwenye kapu la biashara. Jina fupi la mahali padogo linashindwa kwa wingi wa kura. Ndiyo maana sehemu zinahitaji namba, kama misimbo ya posta na namba za sensa. Namba haina utamu, lakini haigongani.

Wanabiolojia nao yamewakuta. Mwaka 2001 vikundi viwili vya watafiti vilitangaza jeni inayosaidia seli iliyoharibika DNA kujiua badala ya kugeuka saratani, na vyote viwili vikaiita PUMA, kifupisho cha jina refu. Kamati inayosimamia majina ya jeni ina jina lake rasmi kwa ajili ya kuepusha vurugu. Jina rasmi ni BBC3. Wapenzi wa televisheni ya Uingereza mmeshacheka.

Kama uko Ilongero au Ikungi na una simu inayorekodi, kuna kazi hapa ambayo mtu wa Dar es Salaam hawezi kukufanyia. Mtafute mzee anayezungumza Kinyaturu tangu utotoni, umwombe ataje majina ya vijiji vya jirani polepole, mara mbili mbili, kama anavyomwambia mjukuu na siyo kama anavyomwambia karani. Muulize kila jina lilikuwa la nini kwanza: kilima, kisima, mti, mtu? Na muulize kijiji kilikuwa wapi kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, maana watu walipohamishwa, kuna majina yaliyohama nao na kuna yaliyobaki kwenye mahame.