UZI: Sola, betri na bili ya stima. Nani analipia nguzo?

1/ Kila mdahalo wa gharama ya maisha, lazima mmoja aseme "kila nyumba iweke sola", na mwingine ajibu kwamba watu wa sola wanaua gridi. Wote hupigiwa makofi. Wiki hii shangazi yangu wa Ngong ameniuliza kama achukue mkopo wa sacco aweke sola. Tupige hesabu yake kwanza, siasa baadaye.

2/ Tuseme nyumba yake inakula uniti 8 kwa siku: 3 mchana, 5 kuanzia jioni. Tukadirie uniti moja ni sh30 pamoja na kodi na tozo zote. Hiyo ni sh240 kwa siku, karibu sh7,200 kwa mwezi.

3/ Paneli za kilowati 2.5 huku Nairobi na viunga vyake zinaweza kutoa kama uniti 10 siku ya jua zuri. Shida ni kwamba jua liko mchana, na mchana kwake ni friji tu. Bila betri anaokoa zile 3, yaani sh2,700 kwa mwezi. Zingine 7 hazina kazi.

4/ Betri inabeba jua la mchana hadi saa mbili usiku. Hapo anaweza kuokoa karibu zote 8. Tuseme fundi amempigia sh350,000 na betri ya lithiamu (ile ya asidi ukiikausha kila usiku inakufa mapema). 350,000 ukigawanya kwa 7,200 ni kama miaka 4. Weka riba ya sacco na mawingu ya Julai, inapita 5. Inalipa, lakini si stima ya bure kama tunavyoambiwa jukwaani.

5/ Kuna njia nyingine: kupeleka ziada kwenye gridi. Sheria ya Kawi ya 2019 iliifungulia mlango, kanuni zikatoka 2024. Hulipwi pesa. Unapewa krediti ya NUSU ya uniti ulizopeleka, inapunguza bili yako. Zile 7 za shangazi zinakuwa 3.5. Ukijumlisha na 3 za mchana, ameokoa 6.5 bila kununua betri. Si mbaya!

6/ Lakini stima ikipotea, inveta ya kawaida isiyo na betri hujizima yenyewe, ili isipeleke umeme kwenye waya ambazo mafundi wanazishika. Agosti 2023 nchi ilipoingia giza, ungekaa gizani na paneli zako juu ya paa.

7/ Sasa siasa. Kwa nini nusu, na jirani anauziwa uniti hiyo hiyo bei kamili? Kwa sababu kuna nguzo, transfoma na watu wa kuzirekebisha. Mwenye sola bado anazihitaji mvua ikinyesha siku tatu mfululizo. Kubishania "nusu" ni kubishania nani alipie nguzo.

8/ Na hapa kuna kitu wengi tumesahau. 2018 ada ya kudumu ya sh150 iliondolewa kwenye bili za nyumbani. Nyumbani kwetu tulishangilia. Lakini gharama ya nguzo haikuondoka, ilihamia ndani ya bei ya uniti. Kwa hivyo anayenunua uniti chache anachangia nguzo kidogo, hata kama nyumba yake ni ghorofa na paa limejaa paneli.

9/ Anayebaki ni nani? Ni mimi. Naishi bedsitter, paa ni la landlord, nanunua tokeni za sh100. Wenye nyumba zao wakipunguza kununua, gharama ile ile inagawanywa kwa uniti zetu sisi tuliobaki. Na mjini wengi wetu ni wapangaji. Shangazi hajaiba kitu. Amefanya hesabu tu, na kanuni ndizo zinazoamua hesabu yake inamwangukia nani.

10/ Kila suluhisho lina mtu linayemuumiza. Rudisha ada ya kudumu: mwenye tokeni za sh100 analia kwanza. Ondoa VAT kwa vifaa (msamaha uliondolewa 2020, ukarudishwa 2021): anafaidi aliye na pesa ya kununua. Sola ya ploti nzima, wapangaji wagawane: nzuri, lakini landlord anahitaji sababu ya kuweka.

11/ Shangazi nimemwambia achukue, na betri, kwa sababu hataki giza. Lakini aulize bei kwa mafundi watatu kabla ya kusaini mkopo.

12/ Mgombea akikuambia "sola kwa wote", muulize mawili: mpangaji ataipata vipi, na nguzo atalipia nani? Akijibu moja tu, bado hajajibu. Mwenye ploti ambayo tayari wapangaji wanagawana sola, niambie hapa chini mnalipana vipi. Nataka kujua.