Nduthi ya 125 Yenye Moyo wa 150: Vile Pistoni Kubwa Hufichwa, na Vile Utaijua Kabla Utoe Doo

Hii ni yako kama unapanga kununua nduthi ya mkono wa pili, ama kama umempea kijana nduthi yako aendeshe, akuletee hesabu jioni. Kuna mchezo unachezwa ndani ya injini. Stika inasema 125, logbuku inasema 125, lakini ikipanda kilima na abiria wawili inavuta kama 150. Ni kwa sababu ndani ni 150.

Mbona huku kwetu sana? Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta inategemea hiyo hewa. Ukilinganisha na Mombasa, nduthi inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu kabla hujabeba mtu. Sasa weka magunia ya majani ya kupeleka kituo cha KTDA, weka matope ya mvua ya Aprili, weka vilima vya Konoin. Rider anaona nduthi ni mgonjwa. Fundi anamwambia, "Wacha nikuwekee pistoni ya 150, hakuna mtu atajua."

Na hesabu yake inaingiana. Injini nyingi za Kichina za 125 zimefuata ramani ya Honda CG125, iliyotoka 1976. Pistoni yake ina upana wa milimita 56.5 na inatembea milimita 49.5 juu chini. Hiyo ni cc 124. Zile za 150 za familia hiyo hiyo zinatembea 49.5 vilevile, ila pistoni ni 62. Hiyo ni cc 149. Krenki haiguswi. Fundi anatoa bloki na pistoni, anaweka kubwa, na kwa injini zingine anachonga kidogo pale silinda inaingilia. Umeongeza asilimia 20 ya cc, yaani karibu urudishe ile nguvu mlima ulikuwa umekuibia. Ndio maana wasee wanaipenda, na siwezi kukudanganya eti haivuti. Inavuta.

Kuificha ni rahisi kuliko unavyodhani. Namba ya injini imegongwa kwa chuma ya chini inayobeba krenki, haiko kwa bloki. Ukibadilisha bloki, namba inabaki ile ile. Karao akiangalia, inalingana. Ukisaka kwa NTSA, inalingana. Kwa hivyo ukiambiwa "cheki namba, iko sawa," hujaambiwa kitu.

Shida inaanzia hapo kwa kuficha. Ili isijulikane, kabureta inaachwa ya 125, silensa ya 125, klachi ya 125, breki za 125. Inavuta vizuri mwendo wa chini, ikifika juu inakosa pumzi. Kichwa kikiachwa kile cha zamani, mgandamizo nao unapanda: injini iliyokuwa 9 kwa 1 inaweza kukaribia 10.6 kwa 1. Joto linaongezeka. Ukisikia mlio wa kugongagonga ukipanda na mzigo, mafuta yanalipuka kabla ya wakati. Oili ni ile lita moja hivi, na mwenye nduthi anaibadilisha kwa ratiba ya 125 kwa sababu hajui. Siku pistoni inashika ukiteremka, tairi ya nyuma inafunga hapo hapo. Usipowahi klachi, wewe na abiria mko chini.

Halafu kuna bima. Fomu ulijaza cc 125. NTSA inataka mabadiliko ya injini yaandikishwe, na kampuni ya bima ikigundua ulificha kitu kikubwa inaweza kupigana isilipe. Aliyeumia bado atakutafuta wewe, maana jina kwa logbuku ni lako, hata kama ni kijana aliyefanya hiyo kazi nyuma yako.

Basi ukienda kuangalia nduthi, fika mapema kabla haijawashwa. Injini ikiwa tayari moto, uliza mbona. Piga kiki polepole kwa mguu na ulinganishe na 125 nyingine ya aina hiyo hapo steji; pistoni kubwa huwa nzito mguuni. Chuchumaa uangalie bloki. Kama injini yote ina uchafu wa miaka mitano na bloki katikati inang'aa, ama gaskiti ni mpya na nati zina alama za spana, imefunguliwa. Kufunguliwa pekee si kosa. Nduthi iliyochakaa huchongwa silinda na kuwekewa pistoni ya saizi ya juu, 0.25 hadi 1.00, na hiyo namba huwa imegongwa juu ya pistoni. Hata ya 1.00 kwa CG inakuleta cc 128 na kitu tu. Hiyo ni ukarabati, haina noma.

Jibu la uhakika ni kufungua kichwa na kupima kwa venia. Itakugharimu gaskiti na pesa ya fundi, lakini lete fundi wako, usitumie wa muuzaji. Muuzaji akikataa kabisa, umeshapata jibu. Na ujue namba za aina unayonunua: Boxer 150 ya kiwandani ina pistoni ya 56 tu, ila inatembea 58.8, ndio inafika cc 144. Upana peke yake hauhukumu.

Na kama shida yako ni kilima, kuna njia isiyofichwa. Fungua plagi kwanza. Ikiwa nyeusi ya masizi, kabureta inamwaga mafuta mengi kwa hewa yetu nyepesi. Jeti ndogo kidogo itakurudishia nguvu fulani na ipunguze gharama ya petroli. Kisha badilisha sproketi ya mbele, kutoka meno 15 hadi 14. Utapoteza kama asilimia 7 ya spidi ya juu pale barabara ya Kaplong, lakini gunia litapanda. Kila mtu ataiona, hata bosi.