Milima ya Shimba ina Wenyewe

Ukitoka Likoni ukapita Ng'ombeni, ukifika Kombani kata kulia. Hapo gari linaanza kupanda kuelekea mji wa Kwale. Joto la pwani linapungua, upepo unakuwa wa baridi, na ukitazama nyuma unaiona Bahari ya Hindi imelala chini yako. Milima hii ya Shimba haifiki hata mita 500 kwenda juu, lakini chemchemi zake za Marere zimewanywesha watu wa Mombasa miaka na miaka.

Wageni wengi huja kwenye hifadhi ya wanyama ya Shimba kumtazama palahala. Kenya nzima, swala huyu yuko hapa tu. Dume lake ni jeusi tititi, tumbo jeupe, na pembe zake ndefu zimepinda kuelekea mgongoni kama majambia. Akisimama kwenye nyasi asubuhi, ukungu haujaondoka, hata mtoto mtundu hunyamaza. Kisha mgeni hushuka kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa mita 21, akaoga, akarudi zake Diani. Ameondoka na nusu ya Shimba.

Nusu nyingine wanayo Wadigo na Waduruma, wawili kati ya makabila tisa ya Mijikenda. Masimulizi ya Mijikenda yanasema makabila yote tisa yalitoka Singwaya, huko kaskazini, yakikimbia mashambulizi ya Waoromo. Walipofika huku walijenga kaya zao, yaani vijiji vyenye maboma, katikati ya misitu minene, nyingi juu ya vilima, adui asipate pa kupitia. Ndani ya kaya walizika fingo, yaani kinga ya watu wao. Baadaye amani ilipopatikana, watu walihamia mashambani, lakini makaburi ya wahenga na fingo vilibaki kule kule. Ndiyo maana shoka halikuingia. Kaya Longomwagandi imo ndani ya hifadhi yenyewe, na upande wa Waduruma iko Kaya Mtswakara. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi ya misitu ya kaya za Mijikenda katika Urithi wa Dunia.

Kaya haiingiwi ovyo. Mgeni huomba ruhusa kwa wazee, hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, na huonywa mapema: usichume jani, usiokote jiwe, usipige picha kabla ya kuruhusiwa. Mti ukianguka wenyewe huachwa uoze pale pale. Wadigo wengi ni Waislamu, na mzee aliyeswali Ijumaa msikitini anaweza kuitwa na wenzake waende kaya kuombea mvua iliyochelewa. Wapo wanaolikemea jambo hilo. Mimi naona wazee hawa wametuhifadhia miti, ndege na mbega kabla serikali yoyote haijachora mpaka wa hifadhi, na wanastahili shukrani.

Ndovu nao wana habari yao, na si tamu yote. Kundi likiingia shambani usiku, mahindi na mihogo ya mwaka mzima huisha kabla ya alfajiri, na kuna familia zilizozika watu. Mwaka 1995 wenye mashamba wa Mwaluganje na Golini walikubali kuacha sehemu ya ardhi yao iwe hifadhi ya ndovu ili wao wapate mgawo wa mapato ya utalii. Huko hata kinyesi cha ndovu kimetumika kutengeneza karatasi. Uamuzi ule ulikuwa wa kiungwana, lakini mzigo ungali mzito kwa mkulima, na haifai abebe peke yake gharama ya mnyama anayefurahiwa na dunia nzima.

Kwa hiyo ukienda Shimba, usiishie kwenye lango la hifadhi. Mchukue kijana wa Kwale akuongoze, nunua madafu na korosho kwa akina mama wa pale pale, na ukitaka kuingia kaya, anza kwa wazee. Wakikukubalia, fuata wanavyokuelekeza. Wakikukatalia, usilazimishe.