Kipimo cha Mwili Kiko Majarubani

Mwili wa binadamu umejaa maji yenye chumvi, nayo maji ya chumvi hupitisha umeme. Katikati ya miaka ya 1990, Thomas Zimmerman wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha kuwa kifaa kilichovaliwa chaweza kutuma taarifa kwa kingine kupitia mwilini, hata watu wawili wakapashana habari kwa kupeana mikono. Mwaka 2012 njia hiyo iliingia katika kiwango cha kimataifa cha IEEE 802.15.6, cha mawasiliano ya vifaa vya mwilini. Kisha mwaka 2019 Shreyas Sen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue walionyesha kwamba, kwa masafa ya chini, ishara hubaki takribani sentimita moja tu kutoka kwenye ngozi, ilhali ya Bluetooth husambaa mita kadhaa. Kwa hiyo ni vigumu kwa aliye mbali kuidukua, na betri hudumu zaidi.

Kwa bonde la Kilombero, Tanzania, hilo la betri ndilo zito. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashamba ya mbali na kuishi kwenye madungu kwa miezi, zikilima na kuamia ndege, na ugonjwa ukiwapata huko zahanati iko mbali. Kuchaji simu tu ni kazi. Kihisio cha kifuani kinachopeleka mapigo ya moyo au joto la mwili kwenye bangili ya mkononi, kwa umeme kidogo sana, kingefaa watu hao kuliko wakazi wa mjini wenye soketi kila ukuta.

Lakini papo hapo pana tatizo. Ishara hii huhitaji njia mbili: huenda kupitia mwilini, na hurudi kupitia hewa na ardhi. Mtu aliyevaa viatu juu ya sakafu kavu ametengwa na ardhi kwa kiasi fulani; aliyesimama peku jarubani, maji yakimfika kwenye muundi, ameungana nayo, na sehemu kubwa ya ishara huvujia chini. Kifaa kilichofaulu maabara chaweza kufifia hapo, tena kwa watu wale wale wanaokihitaji zaidi. Ndiyo maana nasema kipimwe Kilombero kabla ya kununuliwa kwa ajili ya Kilombero. Ifakara, mji wa bonde hilo, ina watafiti wa afya tangu miaka ya 1950, Rudolf Geigy wa Uswisi alipoanzisha maabara huko, na leo Taasisi ya Afya Ifakara imezoea kufuatilia afya ya kaya huko huko vijijini.

Wapo watakaoogopa umeme mwilini. Mkondo wa Zimmerman ulikuwa kama sehemu moja ya bilioni ya ampea, usioweza kuhisiwa, na mwaka 2023 Marekani iliidhinisha vifaa viwili vya Abbott vya kurekebisha mapigo vinavyowasiliana ndani ya moyo mmoja kwa njia ya umeme. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba kihisio hakitibu. Kweli, na ishara yake huishia kwenye ngozi. Kutoka hapo ni kazi ya mtandao wa simu, bodaboda na dawa iliyopo zahanati. Kwa hiyo fedha za dawa zisiguswe kwa ajili yake. Watengenezaji walipie majaribio wenyewe, wapime watu wakiwa majini wakipandikiza mpunga, na wawasomee wakulima majibu kwa Kiswahili, hata kama kifaa kimeshindwa.