Vyuo vya Marekani: kwa nini usiku mmoja unaweza kufuta kazi ya miezi mitano

Vijana wengi wa Lubumbashi wanalijua jina la Oscar Tshiebwe. Mtoto huyo wa kwetu alichaguliwa mwaka 2022 kuwa mchezaji bora wa basketi ya vyuo vikuu Marekani. Lakini mwaka uleule, timu yake ya Kentucky ilirudi nyumbani mapema. Ilikuwaje? Tueleze jinsi msimu wenyewe unavyokwenda.

Msimu unaanza Novemba. Kwanza kila chuo kinacheza na vyuo vya huku na huku, kujipima nguvu. Ni katika kipindi hicho, Disemba 2021, ambapo Tshiebwe alidaka rebaundi 28 katika mechi moja dhidi ya Western Kentucky.

Halafu, kuanzia mwisho wa Disemba, wapinzani wa kundi moja wanakutana. Kundi la Kentucky linaitwa SEC, na wakati ule lilikuwa na vyuo 14. Humo ndimo mnakuwa na ushindani wa majirani. Kentucky na Tennessee, ambao majimbo yao yanapakana, walikutana mara tatu msimu ule. Januari Kentucky ilishinda kwake, 107 kwa 79. Februari Tennessee ikalipiza, 76 kwa 63. Machi wakakutana tena kwenye nusu fainali ya kundi, na Tennessee ikashinda 69 kwa 62.

Baada ya hapo ni mashindano ya taifa, timu 68. Sasa hapa hakuna marudiano: ukifungwa mara moja tu, umetoka. Kentucky iliingia ikiwa namba 2 katika ukanda wake. Ilipangiwa Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City, namba 15. Tshiebwe alifunga pointi 30 na kudaka rebaundi 16, lakini wapi! Saint Peter's ilishinda 85 kwa 79 baada ya muda wa nyongeza.

Na pesa je? Tangu Julai 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia jina na sura yao. Ila mgeni mwenye visa ya masomo amebanwa sana kufanya kazi ya malipo Marekani. Ndiyo maana Tshiebwe alitumia safari ya timu huko Bahamas, Agosti 2022, kufanya kazi hizo nje ya nchi.

Wazazi wenye watoto warefu wazingatie jambo hili: pale, mchezaji ni mwanafunzi kwanza. Akishindwa masomo, anazuiwa kuingia uwanjani. Kwa hiyo mtu akija nyumbani kuahidi nafasi ya Marekani, muulizeni mapema: ni chuo gani, mtoto atasoma nini, na minervali italipwa na nani? Asipokuwa na majibu, msimpe pasipoti ya mtoto.