Nguzo ya Wote, Dirisha la Mmoja

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie kisa cha kweli kilichotokea Marekani, katika mji mdogo uitwao Ladue, jirani na jiji la St. Louis, jimboni Missouri.

Mwaka 1990 Iraq iliivamia Kuwait, na Marekani ikaanza kupeleka askari wake Ghuba ya Uajemi. Desemba ya mwaka huo, mkazi mmoja wa Ladue, Margaret Gilleo, alisimika bango mbele ya nyumba yake. Lilikuwa na inchi 24 kwa 36, likiwataka watu waikatae vita ya Ghuba na wapige simu bungeni kusema hivyo. Bango likatoweka. Akasimika la pili, nalo likaangushwa. Alipokwenda kutoa taarifa polisi, akaambiwa kwamba kwa sheria ya mji wa Ladue, mabango ya namna hiyo ni marufuku.

Bibi Gilleo akaomba ruhusa kwa Baraza la Mji. Akanyimwa. Akafungua kesi, na mahakama ikauzuia mji kuitumia sheria ile dhidi yake. Ndipo akabandika karatasi kwenye dirisha la ghorofani, ukubwa wake kama wa barua ya kawaida, ikitaka amani Ghuba. Baraza nalo likaifuta sheria ya zamani na kutunga mpya, iliyokataza mabango yote isipokuwa aina kumi tu. Kwa sheria hiyo mpya, mtu aliweza kuweka bango la kutangaza kuwa nyumba yake inauzwa, lakini karatasi ya kutaka amani haikuruhusiwa hata dirishani.

Najua mtaniuliza: kwani mji una haki gani ya kuwapangia watu mabango yao? Haki unayo, tena kwa sababu nzuri. Bango kubwa likisimamishwa kwenye kona, dereva hamwoni mtoto anayevuka barabara. Mabango yakisongamana, alama za barabarani hazionekani. Nguzo ya umeme ikipigiliwa misumari, fundi anayeipanda huweza kuumia. Na uchaguzi ukishapita, karatasi zilizolowa mvua huishia kwenye mitaro na kuiziba. Kwa hiyo halmashauri nyingi za Marekani hutunga sheria ndogo: bango lisizidi ukubwa fulani, lisisimame mahali panapoziba njia, na mgombea aliondoe siku kadhaa baada ya kura kupigwa.

Jiji la Los Angeles lilikuwa na sheria ya aina hiyo. Ilikataza kubandika chochote kwenye mali ya umma: nguzo, taa za barabarani, miti, hata kingo za njia za waendao kwa miguu. Mwaka 1979 Roland Vincent aligombea udiwani wa jiji hilo. Wafuasi wake wakaiagiza kampuni itundike mabango ya kadibodi yenye jina lake kwenye nguzo za umeme. Katika juma moja la mwezi Machi, wafanyakazi wa jiji waliondoa mabango 1,207 kwenye mali ya umma, na 48 kati ya hayo yalikuwa ya Vincent. Mengi ya yaliyobaki yalikuwa matangazo ya biashara.

Wafuasi wa Vincent walishtaki, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1984 majaji sita walikubaliana na jiji, watatu wakapinga. Watatu hao waliona kwamba bango la bei ndogo ni sauti ya mtu asiye na fedha, na si jambo jepesi kumnyang'anya. Lakini Jaji John Paul Stevens, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alionyesha kwamba jiji halikumlenga mtu yeyote. Tangazo la duka liliondolewa, na la mgombea likaondolewa. Tena milango mingine ilikuwa wazi: wafuasi waliweza kusimama barabarani wakazungumza, wakagawa vipeperushi, au wakaweka mabango kwenye kiwanja cha mtu aliyewakubalia.

Miaka kumi baadaye, Juni 1994, mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya Bibi Gilleo. Aliyeandika hukumu alikuwa Jaji Stevens yuleyule. Safari hii majaji wote tisa walikuwa upande mmoja: mji wa Ladue ulishindwa.

Je, jaji aligeuka? La. Tazameni mahali penyewe. Nguzo ni mali ya wote, na kila mtu akiipigilia lake itakuwa kero kwa wote. Dirisha la Bibi Gilleo ni la nyumbani kwake. Maneno yaliyo mbele ya nyumba ya mtu yana uzito wa pekee, kwa kuwa jirani akiyasoma anajua ni nani anayesema. Gharama yake ni karatasi na wino, hivyo asiyeweza kulipia tangazo la redioni naye anasikika. Mji ungeweza kupanga ukubwa au idadi ya mabango. Kuifunga kabisa njia hiyo ya kusema, mahakama ilikataa.

Liko funzo jingine, nalo lilitoka mji wa Gilbert, jimboni Arizona. Huko sheria iligawa mabango kwa kutazama yanasema nini. La uchaguzi liliweza kufika futi za mraba 32 katika baadhi ya maeneo na kukaa wiki nyingi. La kuwaelekeza watu kwenye ibada au mkutano halikuruhusiwa kuzidi futi 6 za mraba, wala kuwekwa zaidi ya saa 12 kabla ya shughuli, na lilitakiwa kuondolewa ndani ya saa moja baada yake. Mchungaji Clyde Reed aliongoza kanisa dogo lisilo na jengo lake, lililosali mahali tofautitofauti, na waumini walihitaji mabango ili wajue pa kwenda. Mji ukalionya kanisa kwa kukiuka muda. Mwaka 2015 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliupa ushindi upande wa mchungaji. Mji ukaambiwa kwamba unaweza kupanga ukubwa, vifaa, taa na mahali pa mabango, hata kuyakataza kwenye mali ya umma, mradi kipimo kiwe kimoja kwa wote.

Basi, wanangu, shikeni hili. Sheria njema ya mabango huuliza bango limewekwa wapi, lina ukubwa gani, litaondolewa lini. Ikianza kuuliza linasema nini, au ni la nani, hapo wananchi wana haki ya kusimama na kuihoji.

Na kampeni zitakapofika mtaani kwenu, msichane bango la mgombea msiyempenda, wala msikubali kutumwa na mtu mzima kulichana. Kama limewekwa pasipostahili, mwambieni mzazi apeleke taarifa kwa wahusika. Kama limewekwa panapostahili, liacheni lisomwe, hata kama maneno yake hamyapendi.